Mtoto anayeonekana hashibi: abadilishiwe maziwa, aanzishiwe uji, au aachwe kwanza?

Wifi ya mdogo wangu alipokuja likizo kutoka Leicester, Uingereza, alileta kopo la maziwa ambalo lebo yake ilisema kwa Kiingereza kwamba ni maziwa ya watoto wenye njaa zaidi. Alilileta kwa nia njema kabisa, maana kwa wiki mbili nzima alikuwa akisikia kwenye simu kwamba mtoto hashibi. Mtoto mwenyewe alikuwa na wiki kumi. Kopo liliwekwa juu ya meza ya sebuleni, na kando yake mama mkwe alikuwa ameshaweka pakiti ya unga wa lishe. "Mwanangu," alimwambia mdogo wangu, "hayo maziwa yako ni maji tu. Mpe mtoto uji mwepesi alale, na wewe ulale." Mdogo wangu, ambaye usiku uliotangulia hakuwa amefumba jicho, alinigeukia. "Dada, nianze na lipi?"

Nilimwomba alete kadi ya kliniki na aniambie tangu jana amebadilisha nepi ngapi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huohuo: kwanza kuhakikisha kama mtoto ana njaa kweli, kisha kujua kilichomo ndani ya kopo, na mwisho kuufikia uji. Katika nyumba nyingi mpangilio huanzia mwisho, na kadi haifunguliwi kabisa.

Nepi na kadi kabla ya kopo

Kilio cha njaa, cha joto, cha usingizi na cha tumbo lililojaa hewa hufanana sana masikioni mwa mtu aliyechoka, na kwa hiyo sauti ya mtoto ni kipimo dhaifu. Vipimo viwili vyenye nguvu ni kile kinachotoka na kile kinachoongezeka. Kuanzia siku ya tano hivi baada ya kuzaliwa, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hukojoa angalau mara sita kwa saa 24, na mkojo wake huwa mweupe au wa manjano hafifu. Mama anayetumia vitambaa huliona jambo hili bila taabu, lakini nepi za dukani hufyonza sana hata mtu akadhani mtoto hajakojoa. Njia ya kujua ni kumimina vijiko vitatu vikubwa vya maji katika nepi kavu na kuushika uzito wake mkononi. Nepi iliyolowa inapaswa kuwa nzito kiasi hicho au zaidi.

Kipimo cha pili ni uzito. Watoto wengi hupungua kidogo katika siku za mwanzo, hadi asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa, na huurudisha kufikia wiki ya pili. Baada ya hapo, katika miezi mitatu ya kwanza, mtoto huongezeka gramu 150 hadi 200 kwa wiki, na wengine zaidi. Kadi ya mpwa wangu ilionyesha kilo 3.1 alipozaliwa, 4.3 kwenye wiki ya sita, na siku ile tulipompeleka zahanati akiwa na wiki kumi mizani ilisoma 5.1. Mtoto aliyeongeza gramu 800 kwa wiki nne ameshiba, hata akilia vipi jioni. Kinachotazamwa kwenye mchoro wa kadi ni mwelekeo wa mstari: ukipanda sambamba na mistari iliyochapwa, hakuna tatizo la chakula, hata kama mtoto ni mdogo kwa umbo kuliko wa jirani.

Hapa pana mtego mmoja unaostahili kuelezwa polepole. Kuanzia mwezi wa tatu au wa nne, kasi ya kuongezeka uzito hupungua kwa watoto wote, kwa sababu hakuna kiumbe anayeweza kukua kwa kasi ile ya mwanzo bila kikomo. Mama aliyezoea kusifiwa kila mwezi kliniki huona sasa nyongeza imekuwa ndogo, na papo hapo anaambiwa kwamba maziwa yake "yameisha nguvu". Wakati huohuo mtoto ameanza kutazama kila kinachokwenda mdomoni mwa wakubwa, anatafuna ngumi, na anatoka udenda. Mambo hayo matatu yakikutana, uji hupikwa siku hiyohiyo, ingawa hakuna hata moja kati yake lililo dalili ya njaa ya chakula kigumu.

Kunyonya mfululizo nako huchanganya watu. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, na wengi hukusanya vipindi hivyo jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa nne usiku, wakinyonya kidogo, wakiachia, wakilia, wakirudi. Yako pia majuma ambayo mtoto hunyonya kupita kawaida, hasa karibu na wiki ya tatu, ya sita, na mwezi wa tatu. Titi hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa, kwa hiyo siku mbili au tatu za kunyonya bila kupumzika ndizo zinazopandisha kiasi. Mama akizijaza siku hizo kwa chupa, titi halipati taarifa kwamba mahitaji yameongezeka.

Ikiwa nepi ni chache au mstari wa kadi umelala, tazama kwanza namna mtoto anavyoshika titi. Mdomo unatakiwa kufunguka kama wa anayepiga miayo, kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ukunjuke nje, na sehemu kubwa ya duara jeusi iingie ndani, hasa upande wa chini; mwili wote wa mtoto umwelekee mama, tumbo kwa tumbo, bila shingo kupindwa. Mtoto anayenyonya chuchu peke yake humuumiza mama, hunyonya saa nzima, na huondoka na njaa. Chunguza pia vinavyochukua nafasi ya maziwa: maji ya kutuliza kiu, dawa ya mchango, chuchu bandia ya kunyamazisha, na ratiba ya saa tatu tatu iliyonakiliwa mahali fulani. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata wakati wa joto la Tanga au Mombasa mwezi wa pili. Anachohitaji ni kunyonyeshwa mara nyingi zaidi.

Mtoto anayekataa kunyonya kabisa, aliyelegea na asiyeamka, asiyekojoa kwa nusu siku, mwenye utosi uliobonyea, anayetapika kila anachonyonya, au aliye chini ya miezi mitatu na ana joto la nyuzi 38 au zaidi, hapaswi kuendelea kujadiliwa sebuleni. Apelekwe hospitali wakati huohuo.

Kilichomo ndani ya kopo la watoto wenye njaa

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa kawaida hutengenezwa kwa maziwa ya ng'ombe yaliyorekebishwa. Protini za maziwa ni za aina mbili, na kila aliyewahi kuweka maziwa yakagande amezitazama kwa macho: kaseini ni ile inayoshikana ikawa mgando, na ya pili ni ile inayobaki katika maji yanayojitenga. Maziwa ya kopo ya hatua ya kwanza, yaani ya tangu kuzaliwa, huwa na takriban asilimia 60 ya ile protini ya majimaji na 40 ya kaseini, mgawanyo unaokaribia ule wa maziwa ya mama. Kopo la watoto wenye njaa hugeuza hesabu: kaseini hufika karibu asilimia 80, kama ilivyo katika maziwa ya ng'ombe. Kaseini huganda tumboni na huchukua muda mrefu zaidi kumeng'enywa, na juu ya hoja hiyo ndipo lilipojengwa neno "hushibisha".

Soma sasa jedwali dogo lililo nyuma ya kopo. Nishati ya aina zote mbili hukaa palepale, kilokalori 65 hadi 70 hivi kwa kila mililita 100. Mtoto hapati chakula zaidi. Anapata chakula kilekile kilicho kizito zaidi kumeng'enya. Huduma ya Afya ya Taifa ya Uingereza, NHS, nchi ambako makopo hayo huuzwa kwa wingi, inawaambia wazazi waziwazi kwamba hakuna ushahidi kuwa watoto hutulia zaidi au hulala muda mrefu zaidi wakipewa aina hiyo. Maoni yangu ni kwamba neno "njaa" kwenye lebo linamuuzia mzazi jibu la swali ambalo bado halijaulizwa, yaani kama mtoto ana njaa kweli.

Kwa hiyo uamuzi ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Mtoto anayenyonya na anayekua vizuri hahitaji kopo lolote. Mtoto ambaye tayari anatumia maziwa ya kopo ya hatua ya kwanza na anaonekana hatosheki, aongezewe kiasi cha maziwa hayohayo. Makadirio ya kawaida ni mililita 150 hadi 200 kwa kila kilo ya uzito kwa siku hadi afikie miezi sita, jambo ambalo kwa mtoto wa kilo 5 linamaanisha mililita 750 hadi 1,000, zikigawanywa katika milo sita au saba. Mara nyingi tatizo huwa ni kwamba mtoto ameongeza kilo mbili na chupa imebaki ileile ya mwezi wa kwanza. Maziwa ya hatua ya pili hayafai kabla ya miezi sita, na hata baada ya hapo hakuna ulazima wa kuyahamia. Maziwa mazito yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wanaocheua sana ni jambo la daktari.

Ziko njia mbili za kienyeji za kulifanya kopo lishibishe, na zote ni za hatari. Ya kwanza ni kuongeza kijiko kimoja cha unga wa maziwa kuliko ilivyoandikwa. Chumvi na protini zinazozidi hulemea figo za mtoto, na anaweza kukaukiwa maji na kupata choo kigumu. Ya pili ni kutia unga wa uji ndani ya chupa, ambapo mtoto anaweza kupaliwa. Kinyume chake, yaani kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi, humdhoofisha mtoto kimyakimya, na kwa hiyo hesabu ifanywe kabla ya kuanza. Mililita 100 za maziwa huhitaji takriban gramu 13 za unga, hivyo mtoto anayekunywa mililita 750 kwa siku humaliza karibu gramu 98, na kopo la gramu 400 humalizika kwa siku nne. Kwa mwezi ni makopo saba hadi manane, na mtoto bado anakua. Chukua bei ya dukani kwako, zidisha, kisha linganisha na mshahara. Kuanza bila kujua namba hiyo ndiko kunakozaa maziwa mepesi.

Zipo hali ambazo maziwa ya kopo ni ya lazima: mama amefariki au mgonjwa sana, anatumia mojawapo ya dawa chache zisizoruhusu kunyonyesha, au maziwa yamebaki machache hata baada ya kusaidiwa na mtaalamu. Katika hali hizo hakuna cha kumwonea haya mtu yeyote. Kuandaa ndiko kunakohitaji nidhamu, kwa kuwa unga wa maziwa hauuzwi ukiwa umeuliwa vijidudu vyote. Nawa mikono, chemsha vyombo, chemsha maji, uyaache yapoe kwa muda usiozidi dakika 30 ili yabaki na joto la nyuzi 70 au zaidi, kisha mimina maji kwanza na unga baadaye, kwa kijiko kilichomo ndani ya kopo hilohilo, kikisawazishwa kwa kisu safi bila kushindiliwa. Vijiko vya kampuni tofauti havilingani, na kijiko cha kopo la zamani hakifai katika kopo jipya. Poza chupa kwa kuizungushia maji baridi, jaribu tone juu ya kifundo cha mkono, na yanayobaki baada ya saa mbili yamwagwe. Kwa usiku, maji yaliyochemka yakiwekwa katika chupa ya chai iliyo safi hukuondolea safari ya jikoni. Kikombe kidogo kilicho wazi husafishika kwa urahisi kuliko chupa yenye chuchu, na hata mtoto mchanga anaweza kunywea kikombe akisaidiwa taratibu.

Mama anayerudi kazini hafai kuhesabiwa miongoni mwa wasio na maziwa. Tanzania, likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ndiyo maana wiki ya kumi na wiki ya kumi na mbili hujaa mazungumzo ya makopo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku katika muda wa kazi kwa ajili ya kunyonyesha, haki ambayo wengi hawaijui na waajiri wengi hawaikumbushi. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama saa nne hivi mahali pasipo na joto kali, na hadi siku nne ndani ya jokofu. Anza kukamua wiki mbili au tatu kabla ya kurudi kazini, mara moja kwa siku, ili mwili na mtoto wote wazoee.

Neno moja kwa mama anayeishi na virusi vya Ukimwi: anayetumia dawa za ARV ipasavyo hushauriwa kumpa mtoto maziwa yake pekee kwa miezi sita na kuendelea kunyonyesha pamoja na vyakula vingine angalau hadi mwaka mmoja, na anaweza kufika miaka miwili. Asichanganye na kopo kwa kusikia maneno ya mtaani. Azungumze kwanza na mhudumu wa kliniki yake, na akihamia nchi ya ushauri tofauti, kama Uingereza, aulize upya huko.

Lini uji uanze

Jibu fupi ni miezi sita kamili, yaani siku 180 hivi. Aliyezaliwa tarehe 3 Machi huanza kupewa uji tarehe 3 Septemba. "Ameingia mwezi wa sita" ni mtoto wa miezi mitano, na kosa hilo la kuhesabu ni la kawaida sana. Kanuni ni ileile kwa anayetumia maziwa ya kopo. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, tarehe ipangwe na kliniki.

Kabla ya kumlaumu bibi anayesisitiza miezi minne, ni haki kukumbuka kwamba hakuitunga. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikuwa likisema miezi minne hadi sita, na ilipofika mwaka 2001 ndipo Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipopitisha miezi sita. Uingereza ilifuata mwaka 2003. Mama mkwe aliyewalea wanawe miaka ya 1980 na 1990 anarudia kile alichoambiwa kliniki na muuguzi aliyevaa sare. Nimeona kwamba maneno "Mama, siku hizi kliniki wamebadilisha, na hii hapa kadi" hufanya kazi kubwa kuliko ubishi, hasa yakisemwa baada ya shikamoo na kabla ya sufuria kuinjikwa.

Tarehe isindikizwe na dalili tatu zinazoonekana pamoja: mtoto anakaa kwa kuegemezwa na shingo yake imekaza, anaweza kukitazama kitu, kukishika na kukifikisha mdomoni mwenyewe, na akiwekewa kitu ulimini anakimeza, hakisukumi nje kwa ulimi. Dalili hii ya tatu hupimika vizuri. Mtoto wa miezi mitatu anayetoa uji wote nje hajakataa ladha, ni ulimi wake tu ambao bado unafanya kazi ya kumlinda asipaliwe. Kutafuna ngumi, kuamka usiku na kutaka maziwa zaidi havimo katika orodha hii.

Sababu ya kutoanza mapema ni ya kihesabu pia. Uji mwepesi, ule unaopita kwenye chuchu ya chupa, sehemu yake kubwa ni maji, na mara nyingi una nishati ndogo kuliko maziwa ya mama unayoyaondolea nafasi. Kwa maneno mengine, mtoto wa wiki kumi aliyepewa uji kwa sababu ana njaa hubaki na njaa kubwa zaidi, ila sasa tumbo limejaa na amenyamaza. Ongeza hapo vijidudu vya maji na vyombo, na kuhara kunakofuata. Kuchelewa nako kuna gharama: akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huelekea kuisha karibu na mwezi wa sita, na maziwa peke yake hayawezi tena kuijaza, kwa hiyo anayesubiri miezi minane ili "tumbo likomae" anakaribisha upungufu wa damu.

Uji wa kwanza unavyopaswa kuwa

Uzito wa uji ndio jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote. Chota uji kwa kijiko, kiinamishe: uji unaotiririka haraka ni kinywaji, na ule unaong'ang'ania kijiko kisha ukaporomoka polepole ni chakula. Tumbo la mtoto wa kilo 8 huchukua kiasi cha mililita 240 kwa mlo, na nafasi hiyo ndogo haifai kujazwa maji. Pale mtoto anaposhindwa kumeza uji mzito, usiongeze maji; ongeza kijiko kidogo cha kimea, yaani unga wa ulezi au mtama ulioloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Kimea kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo hulainisha uji huo mbele ya macho yako, huku chakula chote kikibaki mlemle, kisha uji hurudishwa motoni uchemke tena kwa muda mfupi. Bibi zetu walikijua kimea kabla ya pakiti yoyote ya dukani, na katika hili naegemea upande wao bila kusita.

Unga wa lishe wa kuchanganya nafaka saba au nane na karanga unapendwa sana, nami siupendi. Nafaka moja inayojulikana ilikotoka huwa rahisi kukagua kuliko mchanganyiko uliosagwa pamoja, na mahindi na karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na Kenya mwaka 2004 vifo vilivyoripotiwa vilikuwa 125. Chambua mwenyewe kwa mkono, tupa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zilizotobolewa, kausha juani juu ya turubai pasipo kugusa udongo, saga kiasi kidogo cha kutosha wiki mbili. Karanga na vyakula vingine vyenye mafuta zitiwe wakati wa kupika, badala ya kusagwa pamoja na nafaka zikae mwezi mzima.

Siku ya kwanza hutosha vijiko viwili au vitatu, mara mbili kwa siku, baada ya kunyonya. Taratibu utafika nusu kikombe kwa milo miwili hadi mitatu kwa siku katika miezi sita hadi minane. Uji usibaki peke yake zaidi ya siku chache. Ndani ya wiki ya pili au ya tatu ingiza vyakula vyenye madini ya chuma: maini ya kuku yaliyopikwa yakaiva kabisa na kupondwa, kiasi kidogo na mara moja kwa wiki kwa kuwa yana vitamini A nyingi, nyama iliyosagwa, dagaa waliooshwa mchanga, wakakaushwa na kusagwa, maharage yaliyoondolewa maganda. Tunda lenye uchachu kidogo, kama chungwa au embe, likiambatana na maharage au mchicha, huusaidia mwili kuvuna madini hayo. Chai hufanya kinyume, hata ile ya maziwa anayopewa mtoto asubuhi kwa kuchovya mkate, na kwa hiyo isubiri miaka kadhaa. Mtori wa ndizi wenye nyama iliyopondwa, viazi lishe, parachichi na boga ni vyakula vyepesi kupatikana na vizuri kuliko vikopo vidogo vya dukani.

Yai lililoiva vizuri na karanga zilizosagwa laini hazina haja ya kucheleweshwa hadi mwaka, kama wengi tulivyoambiwa zamani. Kila kimoja kianze peke yake, asubuhi, kwa kiasi kidogo, ili ukiona vipele, uvimbe wa midomo au kutapika ujue chanzo. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali au aliyewahi kudhurika na chakula aonwe na daktari kwanza. Asali haipewi mtoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata tone la kupaka ulimini, kwa kuwa inaweza kuwa na vimelea vinavyolegeza misuli ya mtoto mdogo. Chumvi na sukari ziachwe. Karanga nzima, zabibu nzima na vipande vigumu vya karoti vinaweza kuziba koo.

Mlishe akiwa amekaa, kwa bakuli lake mwenyewe, ili ujue amekula kiasi gani. Kijiko kifike mdomoni pale anapofungua mdomo. Akigeuza uso, mlo umekwisha. Kumshika pua na kumnywesha uji kwa nguvu ni desturi ambayo bado ipo, na humfundisha mtoto kukichukia chakula na pia humweka katika hatari ya kupaliwa. Kukohoa kidogo na kutoa ulimi wakati wa kujifunza ni kawaida. Mtoto asiyetoa sauti, anayebadilika rangi, amepaliwa na anahitaji msaada papo hapo. Akikataa chakula kipya leo, kirudishe baada ya siku mbili, na uwe tayari kukirudisha mara kumi.

Mpwa wangu alifika siku 180 bila kopo na bila uji. Tulichobadilisha nyumbani ni mkao wa kunyonyeshwa, na mama mkwe alichukua zamu ya kumbeba kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, ambayo pengine ndiyo iliyosaidia kuliko yote. Yeye ndiye aliyepika uji wa kwanza, wa ulezi, na ndiye aliyeinamisha kijiko kuupima. Mtoto alitema viwili, akameza cha tatu, na kilichobaki kiliishia kwenye nyusi.

Kuanzia miezi tisa milo huongezeka kufikia mitatu hadi minne na kitu kidogo katikati, chakula hupondwa kwa uma badala ya kuchujwa, na vipande laini vya kushika mwenyewe huanza. Titi linaendelea. Mtoto atarudi kliniki kwa chanjo ya surua akiwa na umri huo, kwa hiyo beba kadi, omba apimwe uzito hata kama foleni ni ndefu, na mweleze muuguzi alichokula jana kuanzia asubuhi hadi alipolala.